Mkebe Mwekundu wa Mwalimu Tegwen

Kila Jumamosi ambayo hakuwa zamu, Sajini Mererid Pugh alichemsha yai moja kwa dakika nne. Alizipima kwa kisaa cha mchanga kilichokuwa cha nyanya yake, na mchanga ukishuka yeye alisimama dirishani akiangalia mvua ikiteremka kutoka mlimani. Simu aliiacha sebuleni. Mkate ulikuwa umeshakatwa, siagi imeshapakwa, kijiko kiko tayari kando ya kikombe.

Mchanga ulikuwa umefika nusu, mlango ulipogongwa kwa ngumi.

Alikuwa Olwen Bevan, mama wa meza ya keki katika kila gulio la hisani lililowahi kufanyika katika mji wao mdogo wa Cwmhelyg. Aproni ilikuwa bado kiunoni, na mwavuli alikuwa ameushika mkononi bila kuufungua.

"Vaa viatu, Mererid. Mwalimu Tegwen ameibiwa."

"Ameibiwa nini?"

"Sahihi."

Mererid alizima jiko. Yai likabaki majini.

Njiani Olwen alieleza huku anahema. Mererid mengi aliyajua, lakini alimwacha aseme, kwa sababu mtu anayesimulia analolijua mara nyingine huangusha asilolijua. Halmashauri ilitaka kuacha kununua chai, kahawa na ndizi za biashara ya haki, zile ambazo mkulima hulipwa bei nzuri, kwa ajili ya shule na ofisi zake, ichukue za bei ya chini zaidi. Kwa kanuni zake, wananchi elfu moja wakipinga kwa sahihi, jambo lazima lijadiliwe mbele ya watu. Zisipofika, linapita kimyakimya. Mwisho ulikuwa Jumatatu saa sita mchana, na madiwani wangekutana jioni yake.

"Mwalimu anazo zaidi ya elfu moja na mia," alisema Olwen. "Tangu Novemba anagonga milango, na nyonga ile."

"Kuna nakala?"

"Nakala hawazipokei. Wanataka wino wenyewe."

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Upande mmoja mitumba, upande mwingine vitabu na vyombo, katikati foleni ya chai. Ukutani bango la kitambaa liliandikwa HAKI KWA MKULIMA, herufi zimeshonwa na mikono tofauti, hata K moja ilikuwa nene kuliko nyingine zote. Meza ya miche karibu na mlango ilikuwa imeshauza karibu kila kitu. Vilibaki vikopo viwili vya mtindi vyenye nyanya changa, kila kimoja kimebandikwa kikaratasi cha jina kwa wino wa kijani. Mwenye meza alikuwa ameshakwenda zake, ameacha bakuli la pesa.

Mwalimu Tegwen Howell alikuwa jikoni, ameketi kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka kama zamani mbele ya darasa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Nusu ya polisi wa wilaya alikuwa amewafundisha kusoma, na Mererid alikuwa mmoja wao.

"Umekonda," alisema Tegwen.

"Nimetoka zamu ya usiku wiki nzima, Mwalimu. Nieleze tangu ulipofika. Polepole."

Hakuwa na daftari. Alichukua sahani ya karatasi kwenye rundo la sahani za keki, akaazima kalamu ya Olwen.

"Nimefika saa mbili na nusu. Kwenye kikapu changu cha magurudumu nilikuwa na mikebe miwili ya biskuti. Mmoja una mkate wangu. Mmoja una sahihi."

"Inafanana?"

"Kama mapacha. Myekundu, ina picha ya kijiji kwenye theluji. Krismasi moja duka liliishusha bei, na nusu ya mji tunayo. Ndiyo sababu kila mtu anabandika plasta ubavuni anaandika jina lake."

"Na yako yote miwili imeandikwa Tegwen."

"Ulitaka mmoja niuite nani?"

Olwen alikohoa ili asicheke.

"Mkebe wa mkate nikauweka mezani kwa Olwen," aliendelea Tegwen. "Wa sahihi nikaubakiza kikapuni, chini ya sinki hapo. Nikaenda kutundika bango. Saa tano watu watatu wakaja kutia sahihi. Nikafungua mkebe. Ndani mna mkate." Aliunyooshea kidole mkebe kando ya sinki. "Amebadilisha ili anicheke. Hefin Rowlands. Alikuwa hapa asubuhi, ameleta meza za kukunja kwa gari lake, na Olwen alimwona akitoka na mfuko umevimba."

"Umevimba kweli," alisema Olwen. "Na alikuwa anaukumbatia."

Diwani Hefin Rowlands ndiye aliyeileta hoja ya kuachana na chai ya biashara ya haki. Mererid aliandika jina lake, kisha akamgeukia Olwen.

"Mkebe wa mezani uliondoka saa ngapi?"

"Kabla ya mlango kufunguliwa. Saa tatu kasorobo nilirudi na visu, nikakuta mkebe haupo na noti ya pauni tano iko chini ya kisosi."

"Nani aliuchukua?"

Olwen alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wake. "Mererid. Wewe umezaliwa hapa."

Mererid alijua. Waliokuja mapema kupanga meza walikuwa na haki moja: kila mmoja aliruhusiwa kuchukua kitu kimoja kabla mlango haujafunguliwa, aache pesa chini ya kisosi, na asiulizwe. Ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi zao. Hivyo ndivyo mke wa mchungaji aliweza kununua gauni la mitumba bila mtu kuligundua.

"Wasaidizi mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili, na Hefin. Lakini hilo haliulizwi."

"Mimi ni polisi."

"Hata na polisi."

Mererid alizungushia duara saa tatu kasorobo. Kisha alivuka barabara.

*

Hefin Rowlands alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake la rangi na misumari. Alipomwona Mererid, alisukuma kitu kwa mguu chini ya kaunta.

"Afande. Leo si siku yako ya mapumziko?"

"Ilikuwa. Naomba kuuona mfuko uliotoka nao ukumbini, Mheshimiwa."

"Una hati?"

"Sina. Nina Olwen Bevan, na anaongea na foleni nzima ya chai."

Hefin alifikiri kwa muda ambao mtu huchukua kuchagua msumari. Akauinua mfuko, akauweka juu ya kaunta. Mererid alitoa pakiti sita za kahawa, moja baada ya nyingine, na vipande vinne vya chokoleti. Zote zilikuwa na alama ya biashara ya haki.

"Ni mke wangu," alisema Hefin. "Hanywi nyingine."

"Pakiti sita?"

"Anakunywa sana."

"Na wewe?"

Alijikuna shingo. "Mimi namsindikiza."

Mererid aliziingiza tena pakiti mfukoni, kwa adabu, alama zikielekea ndani. "Sahihi za Mwalimu Tegwen zimepotea. Anasema ni wewe."

"Sahihi?" Diwani alisimama wima. Kwa mara ya kwanza alionekana amechukizwa kweli. "Sikiliza, binti Pugh. Mimi nikitaka kumshinda yule mama, nitamshinda Jumatatu, mbele yake, kwa hesabu za bajeti. Alinifundisha hisabati mwenyewe. Nitamwibiaje karatasi?"

"Uliona nini asubuhi?"

"Nimeona meza. Nimebeba ishirini." Aliutazama mlango. "Nimemwona mtu anatoka mlango wa nyuma, kabla ya saa tatu. Alikuwa na kitu ndani ya koti, amekikinga mvua, anatembea taratibu. Ungedhani kabeba mtoto mchanga."

"Nani?"

"Nimeona mgongo na kofia. Mvua hii kila mtu ana mgongo na kofia."

Mererid alimshukuru. Mlangoni aligeuka. "Jumatatu utapigaje kura?"

"Hilo si swali la polisi."

"Hapana. Nauliza kama jirani."

Hefin aliuangalia mfuko. "Nenda kamtafutie yule mama karatasi zake," alisema.

*

Jikoni Tegwen hakuwa amesogea. Mkebe ulikuwa juu ya meza ya kuoshea vyombo, kifuniko wazi, mkate ndani.

"Si Hefin," alisema Mererid. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yao yakakaribiana. "Mwalimu, mwizi gani anaacha pauni tano?"

Tegwen aliinyoosha sketi yake magotini.

"Mkebe wa mezani uliufungua kabla ya kuuweka?"

"Kwani mtu hufungua mkate wake kuhakikisha kama bado ni mkate?"

"Hukuufungua."

Mvua ilisikika juu ya paa. Tegwen aliangalia kikapu chake, kisha mkebe, kisha akazikumbuka plasta mbili zenye jina lake ambazo hazikuwahi kumsumbua mpaka leo.

"Mimi," alisema. "Niliuweka mezani mwenyewe."

"Hakuna aliyebadilisha kitu. Mtu amekuja kununua mkate, akaukuta mkebe wako mahali pako, akalipa, akaondoka."

"Na akifungua akakuta karatasi, atadhani ni za kufungia. Zitawekwa chini ya kizimba cha sungura, Mererid. Kuna watu wamesaini wakiwa kitandani hospitali. Bwana Parry amesaini, tumemzika Jumatano. Siwezi kwenda kumgongea tena." Alitoa leso, akaikunja, hakuitumia. "Mjinga ni mimi."

"Nani huununua mkate wako kila mwaka?"

Hapo uso wa Tegwen ukapata nuru kidogo. "Watu mbalimbali. Miaka kumi haujawahi kubaki. Unaondoka kabla ya keki ya mtu yeyote."

Olwen alikuwa anaosha vikombe. Mgongo wake ulikakamaa. Mererid alisimama, akachukua kitambaa, akaenda kumsaidia kukausha.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naapa sijui," alinong'ona Olwen. "Tumejiuliza wote. Krismasi moja alimpa mchungaji kipande, Jumanne mchungaji alikuwa kwa daktari wa meno. Ule mkate unaweza kuzuia mlango usifungwe na upepo."

"Lakini unanunuliwa."

"Wa kwanza. Kila mwaka."

Mererid alirudi mezani. "Mkebe hurudije kwako?"

"Kabla ya Pasaka naukuta kwenye ngazi za ukumbi, umeoshwa. Na haurudi mtupu." Hakuna aliyerudisha chombo kitupu Cwmhelyg, ilikuwa ni aibu kubwa kuliko kutokirudisha kabisa. "Mwaka juzi ulikuwa na vitunguu vya majani. Mwaka jana mayai sita ya bata. Na ule mwaka niliovunjika nyonga, ulikuwa na glavu za sufu. Zikanienea kabisa. Niliona ajabu, maana vidole vyangu ni virefu."

Mererid aliacha kuandika. "Mayai yalifungwa kwa nini yasivunjike?"

"Gazeti letu la mtaa. Liko hapo chini ya mkate, nimelitandika. Karatasi nzuri haitupwi."

Mererid aliuinua mkate kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kama alivyoambiwa. Chini yake ukurasa wa gazeti la mwezi wa tatu, mwaka jana, ulikuwa umekunjwa vizuri kuenea mkebe. Alipoufungua aliona tangazo la kwaya, nusu ya ratiba ya ibada, na chemshabongo iliyojazwa yote, kila herufi katika kisanduku chake, bila kufutwa hata mahali pamoja. Wino ulikuwa wa kijani.

Aliinua macho. Kupitia dirisha la kupitishia chai aliona ukumbi, foleni, bango, na mbali kule mlangoni vikopo viwili vya mtindi.

"Nipe saa moja, Mwalimu," alisema. "Na usimtukane Hefin mpaka nirudi."

*

Idwal Prosser, mwenye meza ya miche, aliishi mwisho wa njia ya reli ya zamani, karibu na kibanda cha ishara alimofanyia kazi miaka thelathini mpaka treni zilipoacha kupita. Hakuwahi kuoa. Bata wake saba walimpokea Mererid getini, wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa kelele kama walinzi waliopunguziwa mshahara.

"Leo ni Sajini au ni Mererid tu?" aliuliza Idwal, akimpisha aingie.

"Itategemea, Mzee Idwal."

Mkebe ulikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mbele yake sahani moja, kisu kimoja, kikombe kimoja. Mererid aliinamisha kichwa kusoma plasta bila kuugusa.

"Umeufungua?"

Masikio ya mzee yaliiva. Hakuuliza amejuaje. "Bado. Nafungua kesho, baada ya ibada. Slesi moja kila Jumapili. Ule wa mwaka jana ulinifikisha Juni."

"Na meno?"

"Nauchovya kwenye chai. Ukiupa dakika tano, unakubali."

"Leo ulikuwa na uzito wa kawaida?"

Idwal alifikiri. "Mwepesi kidogo. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilisema, Tegwen ameanza kupata mkono."

"Ufungue, tafadhali."

Alifungua kwa kucha, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi mbele ya aliyempa. Karatasi zilikuwa zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa utepe. Ya juu kabisa ilikuwa na majina ya mtaa wake mwenyewe. La kwake lilikuwa la nne, kwa kijani.

Mzee alikaa.

"Anazitafuta?"

"Tangu saa tano. Alidhani zimeibiwa."

"Analia?"

"Anakunja leso."

"Basi ni vibaya zaidi." Alirudisha kifuniko, akakikandamiza pembe zote nne. "Nimemuibia Tegwen."

"Umelipia. Hakuna kesi hapa." Mererid alikaa kwenye kiti cha pili, ambacho kilionekana kipya kabisa, hata mto wake haujabonyea. "Naweza kuurudisha mimi. Nitasema umekutwa nyuma ya maboksi ya mitumba. Tutakaojua ni mimi na bata wako."

Idwal aliangalia dirishani, kwenye kile kibanda cha ishara.

"Mwaka ule wa kwanza nilimwona," alisema. "Watu walikuwa wamekwenda. Keki zote zimenunuliwa, umebaki wake peke yake katikati ya makombo ya wengine. Alisimama dirisha la chai anauangalia. Kisha akaja akauchukua, akaufunika na kitambaa, akasema kwa sauti, kusudi tusikie, 'Vizuri, nilikuwa nautaka mwenyewe.' Mwaka uliofuata nikawahi."

"Na glavu?"

"Alikuwa anashika magongo kwenye barafu, vidole wazi."

"Ulijuaje kipimo?"

"Nakaa nyuma yake kanisani. Anashika kitabu cha nyimbo mbele yangu kila Jumapili."

Mererid alijikuta anapunguza sauti. "Miaka kumi, mzee wangu. Kwa nini hukumwambia?"

"Ningesema nini? Kule kibandani hukuhitaji maneno. Unavuta mtambo, ishara inapanda, treni inaelewa inapita."

"Mwalimu Tegwen si treni."

"Hapana," alikubali Idwal. "Treni zilikuwa rahisi."

Alinyanyuka, akatundua koti. Mererid alinyoosha mikono apewe mkebe. Mzee hakumpa. Aliuingiza ndani ya koti, upande wa kushoto, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Nitaubeba mwenyewe," alisema.

*

Saa nane ukumbi ulikuwa unafagiliwa. Olwen alikuwa anakunja vitambaa vya meza, na Tegwen, ambaye hakuweza kukaa bure hata siku ya msiba, alikuwa anapanga vikombe kabatini, mishikio yote ikielekea upande mmoja.

Mererid alisimama mlangoni akamwacha mzee atangulie.

Idwal alifungua vifungo, akautoa mkebe, akauweka mbele ya Tegwen. Haukuwa umelowa hata tone. Tegwen aliufungua. Aliutazama utepe, akaugusa, akaziinua karatasi akazishikilia kifuani mpaka pumzi ilipomrudia. Kisha uso wake wa ualimu ukarudi.

"Ulikuwa nao wewe. Idwal Prosser. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Sasa mkebe wangu uliutakia nini?"

"Nilidhani ni mkate."

Olwen aliacha kukunja. Tegwen aliziweka karatasi mezani.

"Ulinunua wewe mwaka huu."

"Na mwaka jana."

"Mayai," alisema Tegwen polepole. "Unafuga bata."

"Ndiyo."

"Vitunguu." Sauti yake ilishuka. "Glavu."

"Yote kumi, Tegwen. Nilikuwa mimi."

Ufagio wa mtu ulisikika ukumbini. Tegwen alichukua kikombe, akakirudisha palepale. Wale watu mbalimbali wa miaka kumi walikuwa wanamtoka mmoja mmoja, na Mererid aliwaona wakipita usoni mwake. Lakini kidevu hakukishusha.

"Haya," alisema. "Basi yupo angalau mtu mmoja mji huu anayeupenda mkate wangu."

Ilikuwa njia nyeupe, imefunguliwa mbele ya mzee. Angeitikia kwa kichwa tu, aende nyumbani kwa bata wake, na mwakani noti ingekuwa chini ya kisosi kama kawaida. Olwen alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa niaba yake, macho yamemtoka. Idwal aliizungusha kofia mikononi mara moja, mara ya pili.

"Hapana," alisema. "Ni mgumu, Tegwen. Siku zote umekuwa mgumu. Nimeula kwa sababu umeukanda wewe." Aliiweka kofia mezani. "Nilinunua kiti cha pili miaka tisa iliyopita. Nilichokuwa nakitaka si mkate. Nilitaka uje Jumapili, ukae, uukate wewe."